Kabla ya kuingia mtoni Tseikuru, yajue maji yake

LIKIZO ya Desemba ikifika, mtoto aliyetoka shule ya bweni na jamaa waliokuja kutoka Nairobi au Mombasa hawataki kukaa uani kutwa. Huko Tseikuru, kaskazini mwa Kaunti ya Kitui, jua ni kali na mahali pa kwanza panapokuja akilini ni mtoni. Watu hubeba chakula, wakashuka kwenye mchanga na kufuata mto: hapa wanavuka maji kwa miguu, pale wanaogelea katika kidimbwi kilichobaki kati ya mawe.

Kwa afya, matembezi ya namna hii ni mazuri. Kutembea saa mbili au tatu juu ya mchanga kunaupa moyo na misuli ya miguu kazi nzuri kuliko siku nzima mbele ya runinga. Lakini yeyote anayepanga safari hiyo anapaswa kujiuliza maswali mawili kabla ya kuvua viatu. Maji haya yametoka wapi? Na yamekaa hapa kwa muda gani? Yanayokimbia yana hatari yake, na yaliyotulia yana yake.

Maji ambayo bado hayajafika

Mito mingi ya eneo hili ni ya msimu. Kwa miezi mingi ni njia pana ya mchanga mkavu, watu na mifugo hupita humo kama barabarani, na anayetaka maji huyachimba. Mvua ya vuli, ambayo Ukambani ndiyo inayotegemewa zaidi, huanza Oktoba na kuendelea hadi Desemba. Basi msimu wa mito kujaa huangukia karibu na likizo, wakati ambapo watoto wako nyumbani.

Ardhi ya huko ikipigwa na mvua kubwa hainywi maji yote kwa haraka. Maji huteremka kutoka vilima kama vile vya Mumoni, yakakusanyika katika vijito na kuingia mtoni kwa pamoja. Anayeogelea chini, kilomita kadhaa kutoka hapo, anaweza kuwa chini ya anga safi isiyo na wingu. Kwake yeye mvua haijanyesha. Mto unakuja kumkuta.

Wakazi wa Mwingi hawahitaji kuelezwa sana. Jumamosi, Desemba 4, 2021, basi lililobeba wanakwaya na jamaa zao kwenda harusini upande wa Nuu lilijaribu kuvuka Mto Enziu ukiwa umefurika. Maji yalilisukuma basi hilo nje ya kivuko, likazama. Watu zaidi ya 30 walifariki, watoto wakiwemo. Wengine walikuwa ng'ambo wakitazama, wasiweze kufanya kitu. Mto huohuo huwa mchanga mtupu wakati wa kiangazi.

Nguvu hiyo inatoka wapi? Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Shimo lenye upana, urefu na kina cha mita moja likijaa, lina maji ya tani nzima. Tani hizo zikikimbia, haziulizi kama wewe ni mtu wa mazoezi. Maji ya kasi yenye kina cha sentimita 15 tu, juu kidogo ya kifundo cha mguu, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Yakifika sentimita 60 huweza kubeba magari mengi. Juu ya hayo, katika mto wa mchanga maji huchimbua chini ya nyayo zako, ukajikuta unazama hatua moja baada ya nyingine ingawa umesimama.

Dalili za mafuriko yanayokuja si nyingi, nazo hutoa nafasi fupi. Maji yaliyokuwa safi hugeuka rangi ya udongo. Vijiti, majani na povu huanza kupita. Husikika mvumo kama wa lori linalopanda mlima. Hapo usikimbie kufuata mto kuelekea chini, maana hutayashinda maji. Kata upande, panda kingo iliyo karibu nawe hata kama nguo na chakula viko kingo ya pili. Wengi hufa wakirudi kuchukua mfuko. Na ukikuta mto umejaa wakati wa kurudi nyumbani, keti. Maji mengi ya mito hii hupungua baada ya saa chache.

Kama ni lazima kuvuka maji yanayotembea polepole, usivue viatu, kwa kuwa kioo na mwiba havionekani chini. Tumia fimbo ndefu kupima kina kabla ya kila hatua. Elekeza uso kule maji yanakotoka, telezesha miguu badala ya kuiinua, na uache kamba za mfuko wa mgongoni zikiwa huru ili uweze kuutupa. Maji yanayokimbia yakikupita magoti, rudi ulikotoka.

Kuna jambo lingine ambalo wageni hawalijui. Mchanga wa mito ya Kitui na Makueni huchotwa na malori kwa ajili ya ujenzi, na mahali ulipochotwa hubaki mashimo. Visima vilivyochimbwa mchangani wakati wa kiangazi pia huachwa wazi. Mto ukijaa, mashimo hayo hufunikwa na maji ya tope. Mtoto anatembea maji yakiwa magotini, hatua inayofuata hana pa kukanyaga. Kwa hiyo muulize mwenyeji anayechota maji hapo, naye atakuonyesha.

Tana ni jambo jingine

Wanaotembea mbali zaidi kuelekea kaskazini hufika Mto Tana, karibu na hifadhi ya Mwingi na maporomoko ya Adamson. Hapa hakuna haja ya maneno mengi: msiogelee. Tana ina mamba na viboko, na mamba hahitaji maji ya kina. Hulala karibu na ukingo, mahali hasa watu wanapochota maji na kuosha nyuso. Kaa mita kadhaa kutoka ukingoni, hasa jioni.

Kiasi cha maji ya Tana nacho hakitegemei mvua ya Tseikuru. Mto huu hulishwa na Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, kisha hupita katika mabwawa matano ya umeme: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Mabwawa yakijaa, maji ya ziada humwagika na kuteremka, na onyo hutolewa redioni kwa wakazi wa chini. Sikiliza onyo hilo kabla ya kwenda.

Mtu akizama

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, wengi wao wakiwa watoto na vijana. Mtu anayezama mara nyingi hapigi kelele. Kinywa kiko usawa wa maji, pumzi haitoshi kuita, naye hutoweka huku wenzake wakidhani anacheza. Mzazi wa mjini anayeamini kwamba mtoto aliyefunzwa kuogelea hotelini yuko salama mtoni anajidanganya. Kidimbwi cha mtoni hakina kina kinacholingana, chini yake kuna mawe, na huwezi kuona chini. Anayejirusha kwa kichwa anaweza kuvunjika shingo na kupooza maisha yake yote. Aliye na kifafa asiingie majini bila mtu mzima kando yake, na aliyekunywa pombe abaki mchangani.

Kosa kubwa la waokoaji ni kuruka majini. Anayezama hukumbatia chochote kilicho karibu, na wawili huzama pamoja. Lala kifudifudi ukingoni, mnyoshee fimbo, kamba au leso. Mtungi mtupu wa lita 20 uliofungwa kifuniko huelea vizuri na kumbeba mtu: mtupie, ikiwezekana ukiwa umefungwa kamba. Kikundi chochote kinachokwenda mtoni kinaweza kubeba mtungi huo.

Akitolewa na hapumui, usimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo. Hilo hupoteza dakika na kumfanya atapike hadi mapafuni. Mlaze chali mahali pagumu, inua kidevu, ziba pua, na umpulizie pumzi 5 mdomoni hadi kifua kinyanyuke. Asipoanza kupumua, weka viganja katikati ya kifua na ubonyeze kwa nguvu mara 30, kasi ikiwa karibu mara mbili kila sekunde, kisha pumzi 2, na uendelee hivyo hadi msaada ufike. Aliyezinduka pia apelekwe hospitalini siku hiyohiyo, hata akisema yuko sawa, kwa kuwa maji yaliyoingia mapafuni yanaweza kumzidia saa kadhaa baadaye.

Kidimbwi kilichotulia

Sasa tuje kwenye maji ambayo hayamtishi mtu. Mafuriko yamepita, kidimbwi kimebaki kati ya mawe, maji ni maangavu, majani yanaota pembeni. Hapo ndipo kichocho hupatikana.

Ugonjwa huu huletwa na minyoo midogo inayoishi ndani ya mishipa ya damu. Daktari Theodor Bilharz, Mjerumani aliyefanya kazi Cairo, aliigundua mwaka 1851. Mayai ya minyoo hutoka mwilini kwa mkojo au kinyesi. Yakifika majini huanguliwa, na viluwiluwi vyake huingia ndani ya konokono wadogo. Baada ya majuma kadhaa konokono huachilia viluwiluwi vya aina nyingine, visivyoonekana kwa macho, ambavyo hutoboa ngozi ya binadamu kwa dakika chache. Huhitaji kuyanywa maji hayo, kuyakanyaga kunatosha.

Wengi hudhani mto uliokauka miezi sita hauwezi kuwa na kichocho. Si kweli. Baadhi ya konokono hao hujizika katika tope, wakalala hadi mvua inayofuata. Na viluwiluwi hutoka kwa wingi kuanzia mchana unapopamba moto, saa zilezile watoto wanapoingia kuogelea. Kujifuta kwa nguvu kwa taulo mara tu baada ya kutoka kunaweza kusaidia kidogo, lakini usikutegemee. Ukitaka kuoga, chota maji, yafunike na kuyaacha siku mbili bila konokono ndani: viluwiluwi hufa. Kuyachemsha ni haraka zaidi. Ya kunywa lazima yachemshwe au kutiwa klorini kwa hali yoyote, kwa kuwa kutuama hakuondoi vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo.

Mnyororo huu hukatwa na jambo moja ambalo halina gharama: kutokojoa wala kwenda haja majini au kando yake. Mtoto mmoja mwenye kichocho anaweza kuambukiza kidimbwi ambacho kijiji kizima hukitumia.

Dalili za kwanza ni mwasho wa ngozi. Baada ya majuma machache huweza kuja homa, kikohozi na uchovu, na wengi humeza dawa ya malaria bila kupimwa. Baadaye huonekana damu mwishoni mwa mkojo, au tumbo kuuma na kinyesi chenye damu. Katika sehemu fulani za Afrika damu hiyo imewahi kuchukuliwa kuwa dalili ya mvulana kubalehe. Ni ugonjwa. Ukiachwa kwa miaka huharibu ini, figo na kibofu, na huweza kuleta saratani ya kibofu.

Kwa wasichana na wanawake huongezeka jambo linaloumiza kimyakimya. Mayai hukwama katika viungo vya uzazi, yakaleta vidonda, kutokwa damu na maumivu wakati wa kujamiiana, na wakati mwingine utasa. Wengine hushukiwa kuwa na magonjwa ya zinaa, ndoa zikavunjika, kumbe ni maji waliyoogelea utotoni. Mwanamke mwenye dalili hizo amwambie daktari au muuguzi kwamba alikulia karibu na mto.

Tiba ipo. Prazikwanteli hutolewa kwa kipimo cha uzito wa mwili, mara nyingi kwa siku moja tu. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha pia dawa ya aina hiyo iliyotengenezwa kwa watoto wa kuanzia miezi 3 hadi miaka 6. Lakini prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa, si ile michanga. Anayekimbilia zahanati siku ya pili baada ya kuogelea hatapata faida. Asiye na dalili angoje majuma 6 hadi 8. Mwenye homa aende mara moja na aseme aliogelea wapi.

Kwa kupima kichocho cha kibofu, mkojo mzuri ni ule wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwa sababu wakati huo mayai hutoka kwa wingi. Waliogelea Desemba 20, wapimwe kuanzia Februari: kama shule zimefunguliwa, mzazi amwandikie mwalimu barua ya ruhusa ya siku hiyo.