SOMO: TAA YA UPEPO WA MATAIRI



Katika jimbo la Quebec, Kanada, sheria inataka magari yawe na matairi ya baridi kuanzia Desemba 1 mpaka Machi 15. Basi wengi huweka seti mbili za magurudumu, na mafundi huzibadilisha kila majira.

Magari mengi ya siku hizi yana kipima upepo ndani ya kila gurudumu. Kipima hicho kina betri na namba yake, na hupeleka habari kwa mawimbi ya redio. Gari likifungwa magurudumu ambayo namba zake halizijui, taa ya manjano huwaka mpaka gari lizijue namba mpya. Betri nayo huisha baada ya miaka 5 hadi 10.

Hayo yanatuhusu nini? Magari yaliyotumika ng'ambo huja kwetu na vipima vibovu. Taa inawaka daima, dereva anaizoea, na msimamizi anasema, "Endesha tu." Siku upepo ukipungua kweli, nani atajua? Tairi lenye upepo mdogo hupata moto na kupasuka, na nyuma tumepanda sisi.

Kwa hiyo tukumbuke:

1. Katika magari mengi, taa ikipepesa kwanza kisha ikabaki, kosa ni la kipima. Ikiwaka moja kwa moja, upepo umepungua.
2. Tupime kwa geji asubuhi, matairi yakiwa baridi.
3. Ubovu uandikwe katika daftari la gari, na mjumbe wa chama aarifiwe.

Uhai wa mfanyakazi haubahatishwi.