Jina la Mtunzi katika Programu za Kusimamia Marejeo: Tahadhari kwa Mtafiti wa Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanajadili matumizi ya programu za kompyuta za kusimamia marejeo katika utafiti wa lugha na fasihi ya Kiswahili. Hoja yake ya msingi ni kwamba programu hizo hupanga zinachopewa, lakini hazikithibitishi. Na kwamba muundo wake wa jina, tarehe na anwani umejengwa juu ya desturi za uchapishaji za Ulaya na Marekani. Mtafiti asiyelitambua jambo hili huweza kumnyima mtunzi haki ya kazi yake bila kukusudia. Mwishoni yametolewa mapendekezo ya kiutendaji kwa watahini, wasimamizi na wanafunzi wa shahada za juu.

1.0 Utangulizi

Katika miaka ambayo mwandishi wa makala haya amesimamia na kutahini tasnifu, kosa moja limejirudia mara nyingi. Mtahiniwa mmoja, ambaye uchambuzi wake ulikuwa mzuri, aliorodhesha katika marejeo yake watu watatu: Kithaka, M.; Mberia, K. W.; na Wa Mberia, K. Ilipoulizwa ni nani hao, ilidhihirika kuwa wote ni mtu mmoja, yaani mwanaisimu na mshairi wa Kenya, Kithaka wa Mberia. Mtahiniwa alijitetea kwamba orodha ilitengenezwa na kompyuta. Alikuwa akisema kweli, na hilo ndilo lililotusukuma kuandika makala haya.

Zamani mtafiti aliandika marejeo yake kwenye kadi, akazipanga kwa alfabeti ndani ya sanduku. Kazi hiyo ilichosha, lakini ilikuwa na faida moja: mkono ulioandika jina ulilazimika kulifikiria. Leo jina huchukuliwa kutoka katalogi ya mtandaoni kwa kubonyeza mara moja tu, likafika kwenye orodha ya marejeo bila kupita katika fikra ya mtu yeyote. Hatusemi turudi kwenye kadi. Tunachosema ni kwamba kazi ya fikra iliyofanywa na kadi haina budi kufanywa mahali pengine.

2.0 Asili na Utendaji wa Programu Hizi

Programu za marejeo si jambo la jana. BibTeX, iliyoundwa na Oren Patashnik na Leslie Lamport, ilitoka mwaka 1985 kwa ajili ya watumiaji wa mfumo wa LaTeX. EndNote ilifuata mwishoni mwa miaka hiyo ya 1980. Zotero ilitolewa mwaka 2006 na kituo cha historia cha Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani. Ni programu huria isiyolipiwa. Mendeley ilianza mwaka 2008, ikanunuliwa na kampuni ya uchapishaji ya Elsevier mwaka 2013.

Ingawa zinatofautiana, utendaji wake una hatua tatu zinazofanana. Kwanza, kila chanzo huwa na rekodi moja yenye visanduku: jina la ukoo, jina la kwanza, mwaka, anwani, mchapishaji, mahali, na kadhalika. Pili, kuna faili la mtindo, kwa mfano APA au Chicago, linaloamua visanduku hivyo vipangwe vipi. Tatu, programu huunganishwa na programu ya kuandikia, ili kila urejeleaji katika matini ufungwe kwenye rekodi yake. Faida yake ni kubwa. Mtafiti akisahihisha rekodi moja, marejeo yote ya chanzo hicho katika tasnifu nzima hubadilika. Akitakiwa kubadili mtindo, hahitaji kuandika upya hata nukta.

Lakini upande wa pili wa faida hiyo ni huu: kosa moja katika rekodi huenea kila mahali, tena likiwa limevaa vazi nadhifu la mtindo unaokubalika. Orodha iliyoandikwa kwa mkono hujitangaza udhaifu wake kwa kutolingana. Orodha ya programu hulingana hata inapokosea.

3.0 Matatizo Mahususi ya Data za Kiswahili

3.1 Jina la mtu

Visanduku viwili vya jina hudhani kwamba kila mtu ana jina la ukoo, na kwamba jina hilo ndilo linalomtambulisha. Katika Uswahilini desturi ya msingi ni jina la mtu likifuatwa na la baba, pengine kwa kiungo bin au binti, kisha nisba. Muyaka bin Haji al-Ghassaniy hajulikani kwa wasomaji wake kama Haji wala kama al-Ghassaniy. Yeye ni Muyaka. Vivyo hivyo Mwana Kupona binti Msham. Anayemweka mshairi huyu chini ya herufi M kwa sababu ya Msham amepata herufi sahihi kwa bahati tu, na jina lisilo sahihi.

Suala la Shaaban Robert ni gumu zaidi, kwa kuwa desturi mbili zimekwisha kuota mizizi. Wengine humweka chini ya R, wengine chini ya S. Hatuoni sababu ya kulaumu upande wowote. Kinachopaswa kulaumiwa ni orodha moja kutumia desturi zote mbili, jambo linalotokea rekodi moja inapotoka maktaba ya ng'ambo na nyingine inapoandikwa na mtafiti mwenyewe.

Viungo kama wa, bin na al- huleta utata wa ziada. Baadhi ya programu huweza kukichukua kiungo cha herufi ndogo kama zinavyochukua van au de ya majina ya Ulaya, zikakitenga na jina wakati wa kupanga alfabeti. Kwa Kithaka wa Mberia, au Ngũgĩ wa Thiong'o, kufanya hivyo ni kulivunja jina lisilovunjika. Isitoshe, kitabu cha Ngũgĩ cha mwaka 1964, Weep Not, Child, kilitoka kwa jina la James Ngugi. Programu haina namna ya kujua kwamba hao ni mtu mmoja; mtafiti ndiye anayejua.

Kinyume chake, watu tofauti huweza kuonekana mmoja. Fikiria Mohamed Suleiman Mohamed, mtunzi wa Kiu na Nyota ya Rehema. Said Ahmed Mohamed, mtunzi wa Asali Chungu na Utengano. Na Mohamed Abdulla Mohamed, mwandishi wa Modern Swahili Grammar. Wote watatu ni Mohamed katika matini. Mtindo wa APA huongeza herufi za kwanza za majina ili kuwatofautisha, na hilo ni jema. Lakini rekodi moja ikisema Said Ahmed na nyingine S. tu, programu humhesabu Said Ahmed Mohamed kuwa watu wawili. Matokeo yake, Utengano na Dunia Mti Mkavu, ambazo zote ni za mwaka 1980 na zilipaswa kuwa 1980a na 1980b, hutokea kama kazi za waandishi wawili.

3.2 Jina la asasi

Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 ni kazi ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Asasi hiyo ikiandikwa katika visanduku viwili vya jina la mtu, huweza kutokea ikiitwa "Kiswahili, T. ya U. wa", kana kwamba ni mtu aitwaye Kiswahili. Tena kuna TUKI kwa kifupi, na kuna TATAKI, iliyochukua nafasi ya TUKI mwaka 2009. Kazi ya 1981 haipaswi kupewa jina la 2009 kwa hoja kwamba asasi ni ileile. Hali kadhalika jarida: Bulletin ya Kamati ya Lugha lilibadilika likawa Journal, likawa Swahili, kisha Kiswahili. Rekodi ifuate jina lililo kwenye jalada la toleo lililosomwa, ama sivyo msomaji atatafuta toleo lisilopo.

3.3 Tarehe

Kisanduku cha mwaka ni kimoja, lakini kazi nyingi za fasihi yetu zina zaidi ya mwaka mmoja. Utendi wa Mwana Kupona ulitungwa mwaka 1858, Alice Werner na William Hichens waliuchapisha mwaka 1934, J. W. T. Allen akauingiza katika Tendi mwaka 1971. Mashairi ya Muyaka yalitolewa na Hichens mwaka 1940, na Mohamed H. Abdulaziz akayachunguza upya katika kitabu chake cha mwaka 1979. Mtafiti akimnukuu "Muyaka (1979)", amemtoa mshairi katika Mombasa ya karne ya 19 na kumfanya mtu wa zama zetu. Akiandika "Abdulaziz (1979)" peke yake, amemficha mtunzi nyuma ya mhariri. Urejeleaji wa haki hutaja wote wawili.

Tatizo hili hukua pale rekodi inapovutwa kwa ISBN. Namba hizo zilianza kuwa kanuni ya kimataifa mwaka 1970, kwa hiyo toleo la kwanza la Kusadikika la mwaka 1951 halina. Rekodi itakayoletwa itakuwa ya chapa ya baadaye. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Mwanafunzi anayemtaja kwa mwaka wa chapa ya baadaye bila maelezo, kisha akajenga juu yake hoja ya maendeleo ya fikra za mtunzi, amejenga juu ya mchanga.

3.4 Anwani na lugha

Mitindo kama Chicago huanza kila neno kuu la anwani ya Kiingereza kwa herufi kubwa. Programu ikidhani kwamba anwani yetu ni ya Kiingereza, itatoa "Kamusi Ya Kiswahili Sanifu", kwa kuwa haijui kwamba ya ni kiunganishi. Tiba yake katika Zotero ni ndogo: kisanduku cha lugha kijazwe sw, na anwani itaachwa ilivyoandikwa.

4.0 Mapendekezo

Kutokana na mjadala huu tunapendekeza yafuatayo:

(a) Kabla ya kuingiza rekodi ya kwanza, mtafiti aandike kanuni zake za majina katika ukurasa mmoja, azikubali na msimamizi wake, na azifuate hadi mwisho.

(b) Majina ya asasi, na majina ya watu yasiyogawanyika, yaingizwe katika kisanduku kimoja. Katika Zotero kuna kitufe kidogo kando ya jina la mtunzi kwa kazi hiyo.

(c) Kila rekodi iliyovutwa mtandaoni ilinganishwe na ukurasa wa jina wa kitabu chenyewe. Isiyolinganishwa ipewe alama, na isiingie kwenye tasnifu hadi alama hiyo iondolewe.

(d) Mwaka wa kutungwa na mwaka wa chapa ya kwanza viandikwe katika rekodi pamoja na mwaka wa chapa iliyotumika. Kwa miswada, pawekwe pia jina la maktaba na namba ya mswada.

(e) Hazina ya marejeo ihamishwe mara kwa mara katika muundo unaosomwa na programu nyingine, kama RIS au BibTeX, na nakala iwekwe mahali pengine. Kampuni hununuliwa, na programu huachwa. Utafiti wa miaka mitano usitegemee hiari ya mmiliki mmoja.

(f) Idara ziunde maktaba za pamoja za marejeo ya Kiswahili. Rekodi ya Muyaka ikisahihishwa mara moja na mtu mwenye ujuzi, wanafunzi wa miaka ijayo hawatahitaji kulirudia kosa lile.

5.0 Hitimisho

Huenda msomaji akaona kwamba tumelikuza jambo dogo la nukta na herufi kubwa. Lakini orodha ya marejeo ndiyo daftari la madeni ya mtafiti: humwambia msomaji ni nani alisema nini, lini, na wapi tutamkuta. Jina likigawanywa vibaya, mwenye deni hajulikani, na mwenye haki halipwi. Mifumo inayohesabu unukuzi nayo hutumia orodha hizihizi, hivyo mwandishi aliyegawanywa mara tatu huhesabiwa theluthi.

Yule mtahiniwa wetu alizisahihisha rekodi zake zote kwa siku mbili. Katika kufanya hivyo aligundua kwamba vyanzo vinne alivyokuwa amevitaja hakuwahi kuvishika mkononi. Programu ilikuwa imevileta, naye akavipokea. Aliviondoa. Tasnifu ikapungua kurasa chache, na kila iliyobaki angeweza kuitetea.