Mazoezi Baada ya Januari Mosi: Somo la Darajani

Kila tarehe 1 Januari, Zanzibar huadhimisha Siku ya Mazoezi, na vikundi hutembea na kukimbia kwa pamoja. Hata hivyo, shinikizo la damu na kisukari havidhibitiwi kwa siku moja. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika zisizopungua 150 kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku 5.

Kutembea kutoka Darajani hadi viwanja vya Mnazi Mmoja ni mwanzo mwema. Lakini mtembeaji anahitaji njia isiyozibwa na bidhaa wala vyombo vya moto, kivuli na taa. Mwanamke anahitaji pia mahali pa kufanyia mazoezi kwa stara. Hayo daktari hawezi kuyaandika katika cheti cha dawa. Yanahitaji mipango na bajeti ya manispaa.

Kwa hiyo, mhudumu wa afya, usiishie kumwambia mgonjwa “fanya mazoezi.” Muulize: wapi, saa ngapi, pamoja na nani? Vikwazo vinavyojirudia vifikishwe kwa sheha.

Nawe mgonjwa, anza na dakika 10, uongeze kidogo kidogo. Ukihisi maumivu ya kifua au kizunguzungu, acha mara moja, utafute matibabu.