Somo: Mboga za Majani Wakati wa Kiangazi



Somo la leo linatuhusu sote tunaoishi Dodoma. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, nazo kwa mwaka wa kawaida ni kati ya milimita 500 na 600 tu. Zikiisha, mboga hupanda bei sokoni, na watoto wengi hubaki na ugali na kitoweo kidogo. Majani ya kijani humpa mtoto vitamini A ya kulinda macho yake, na humpa mama mjamzito madini ya chuma. Kwa hiyo bustani ndogo ni jambo la afya ya nyumba. Tuitazame kwa sehemu tatu.

1. Kitalu. Wakati wa masika tunainua matuta. Wakati wa kiangazi tufanye kinyume. Chimba kitalu cha mita 1 kwa mita 4, kilale chini ya usawa wa ardhi kwa kina cha kiganja. Maji yatabaki ndani, na upepo hautakausha udongo upesi. Changanya samadi iliyooza, kisha tandaza nyasi kavu kati ya mistari.

2. Maji. Kitalu hicho kinatosheka na debe moja la lita 20 kwa siku: nusu asubuhi, nusu jioni. Maji yaliyooshea mchele na mboga yasimwagwe uani. Panda mchicha nusu ya kitalu, na nusu ya pili baada ya wiki mbili. Mchicha huvunwa baada ya wiki 3 hadi 4, hivyo hamtakaa bila mboga.

3. Walaji. Kila mlaji ana tabia yake, na dawa yake ni kuijua tabia hiyo. Mlaji wa kwanza ni kuku wako mwenyewe. Sungura na digidigi hupenya chini ya ua, kwa hiyo shindilia miiba ya mgunga mpaka chini kabisa. Nungunungu huchimba; panga mawe makubwa kwenye msingi wa ua.

Tumbili ni mwanafunzi hodari: ua hupanda, na sanamu ya kutisha huizoea baada ya siku chache. Lakini huogopa watu na mbwa, na hupenda kutokea mtini. Basi weka kitalu karibu na jiko, ambapo hapakosi mtu, na ukate matawi yanayoinamia bustani. Nyanya chuma zikianza tu kubadilika rangi, ziivie ndani. Pembeni panda vitunguu na pilipili, vitu asivyovipenda.

Wako wanaotega sumu. Ndugu zangu, tusifanye hivyo. Sumu haichagui: itaua mbwa wa jirani, kuku, na tai anayekula mzoga, na mtoto anaweza kuokota chambo. Naye mnyama ana njaa ile ile ya kiangazi, hasa pale tulipofyeka pori lake.

Maswali ya kuzungumzia nyumbani:
(a) Ni maji kiasi gani yanamwagwa bure nyumbani kwetu kila siku?
(b) Ni mnyama gani anayetuharibia zaidi, naye huja saa ngapi na kwa njia ipi?
(c) Nani atalinda asubuhi, na nani alasiri?

Mkishajibu, shikeni jembe. Kitalu kimoja kinatosha kuanza.