Biskuti za Siagi kwa Likizo ya Noeli

Noeli ya Kigali haina theluji, na nyumba nyingi hazina tanuri. Hata hivyo biskuti huokwa vema kwa sufuria na makaa.

Pima sukari gramu 100, siagi 200, unga wa ngano 300. Piga siagi na sukari hata vilainike, kisha tia unga, ukande. Kata vipande vyembamba, vipange katika sufuria, funika. Makaa mengi yawe juu ya kifuniko, machache chini.

Mwaka jana nilifanya kinyume. Siagi ambayo mama aliinunua kwa fedha za mayai ikaungua yote, na wadogo zangu wakala viazi kama siku zote.

Kingo zikigeuka hudhurungi, epua. Zingali laini, lakini zitakauka zikipoa.