Butireti, nyuzinyuzi na utumbo wa mgonjwa wa saratani

Utando wa ndani wa utumbo hujifanya upya kila baada ya siku 3 hadi 5. Seli changa huzaliwa kwenye vishimo vidogo vya ukuta, hupanda juu, hufanya kazi yake, kisha hupukutika. Dawa za tibakemikali huua seli zinazogawanyika upesi, ziwe za uvimbe wa saratani au hizo changa za utumbo. Ndiyo maana anayetibiwa kwa fluorourasili au irinotekani mara nyingi huhara na kusokotwa tumbo siku kadhaa baada ya dripu.

Seli za utumbo mpana hulishwa zaidi na bakteria kuliko damu. Nyuzinyuzi na wanga uliopita bila kumeng'enywa huchachushwa huko, zikatoka asidi fupi za mafuta: asetiki, propioniki na butiriki. Hiyo ya tatu, maarufu kama butireti, huzipa seli hizo takriban asilimia 70 ya nishati yake. Pia hukaza viungio kati ya seli na seli, ili vijidudu visipenye kuingia kwenye damu.

Sehemu ya elimu hii imetoka Stockholm, Uswidi. Katika Karolinska Institutet, Bengt Gustafsson alifuga panya wasio na bakteria hata mmoja, na Tore Midtvedt akaiendeleza kazi hiyo. Mwaka 1986 Midtvedt na Høverstad walionyesha kwamba matumbo ya wanyama wa aina hiyo yana asidi hizi kidogo mno. Ilionekana vilevile kwamba baadhi ya antibiotiki huzipunguza kwa binadamu mwenye afya. Kwa mgonjwa wa saratani jambo hili ni zito, kwa sababu chembe nyeupe za damu zikishuka antibiotiki hutolewa mara kwa mara.

Je, vidonge vya butireti vinafaa, kama anavyouliza msomaji wetu mmoja aliye Stockholm? Butireti inayomezwa hivi hivi hufyonzwa juu, kabla haijafika utumbo mpana. Vipo vidonge vilivyofunikwa ili vichelewe kuyeyuka, lakini haijathibitishwa kwamba vinamkinga mgonjwa aliye kwenye tibakemikali. Tena, utafiti wa mwaka 2016 kwa panya ulionyesha kwamba utando ukichubuka, butireti huzifikia seli mama ndani ya vishimo na kuchelewesha kupona. Kwa hiyo wakati wa kuipata ni muhimu kama butireti yenyewe.

Chakula ndiyo njia bora. Mwaka 2015 Wamarekani Weusi waliolishwa kwa wiki 2 chakula cha vijijini Afrika Kusini, chenye nyuzinyuzi nyingi na mafuta kidogo, walipata butireti zaidi kwenye utumbo mpana. Maharage, dengu na ugali wa dona vinafaa, na kwenye maduka ya Stockholm upo mkate mkavu wa knäckebröd wa nafaka isiyokobolewa. Viazi vilivyochemshwa vikalala kwenye jokofu hupata wanga mgumu zaidi kumeng'enywa, na vikipashwa moto wanga huo hauishi wote. Kiporo kiingie kwenye jokofu mapema na kipashwe hadi kitoe mvuke, maana kinga ya mgonjwa ni dhaifu.

Vyakula hivi ni vya siku za nafuu kati ya dripu na dripu, viongezwe kidogo kidogo. Kuhara kukianza, visimamishwe: uji mwepesi, wali mweupe, ndizi mbivu na maji ya chumvi na sukari vinatosha, pamoja na dawa aliyoandika daktari. Mwenye utumbo uliobana, au aliyetobolewa tumbo karibuni ili choo kitokee hapo, asiongeze nyuzinyuzi bila kumuuliza mtaalamu wa lishe wa hospitali, kwani zinaweza kuziba njia.

Homa ya nyuzi 38 au zaidi, damu kwenye choo, au kuhara kusikokoma mchana na usiku si mambo ya kutibiwa kwa chakula. Wodi ya saratani ipigiwe simu saa hiyohiyo. Isipopatikana, kwa aliye Uswidi ipigwe 1177, simu ya ushauri wa afya, na hali ikiwa mbaya, 112, namba ya dharura.