Jiko la Mkaa na Pumzi Yako

Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika pasipo kukusudia. Shina la ubongo ndilo linalosimamia kazi hiyo. Hupima hasa kiasi cha hewa ya ukaa katika damu. Ikizidi, huiamuru misuli ya kifua iongeze kasi.

Mkaa unapowaka hutoa pia kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Gesi hii hushika chembe nyekundu za damu na kuchukua nafasi ya oksijeni, wala kipimo hicho cha ubongo hakiitambui. Ndiyo maana aliyelala anaweza kufa bila kuhisi kukosa pumzi.

Wakati wa masika, majiko mengi huingizwa ndani. Hivyo tunawashauri wakazi wa Mtunda na Kibiti yote:

1. Msilale chumbani mwenye jiko la mkaa, hata kama makaa yamefunikwa na majivu.
2. Pikieni mahali panapopitisha hewa.
3. Mkiumwa kichwa, mkipata kizunguzungu au kichefuchefu, tokeni nje mara moja na mwende kituo cha afya.

Kutoona moshi si dalili ya usalama.